Maman Doudou, Namba Thelathini na Nne

Maman Doudou ana viti arobaini vya plastiki. Viko katika stoo yake, chini ya jengo letu. Vyote vyeupe. Kimoja kina ufa mgongoni, na hicho hukikalia mwenyewe.

Naanza na viti kwa sababu ukisema habari zake bila viti umesema nusu.

Jengo lina ghorofa tisa. Mimi nakaa ya sita, yeye ya tatu. Mji wa Brussels umegawanywa komini kumi na tisa, na kila komini ina meya wake na baraza lake la madiwani. Yetu ni moja ya zile za kodi nafuu na maghala. Jina naliacha. Walioko wanajijua.

Sisi watu wa Katanga, mtu akifiwa hatumwachi peke yake. Tunakuja, tunakaa naye. Leo, kesho, mpaka azike. Tunaita kilio. Hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Na hapa kwetu, mtu akifa, simu ya kwanza inakwenda kwa ndugu, ya pili kwa Maman Doudou. Anashuka stoo. Anatoa viti, anatoa sufuria mbili ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, anatoa vikombe. Anajua karatasi gani inatoka hospitali na gani inapelekwa komini. Anajua nani asikalishwe karibu na nani. Sukari anaigawa yeye, kwa kijiko chake, na ukitaka cha tatu anakuangalia mpaka unaacha.

Alizaliwa Likasi, upande wa reli. Alifika hapa Januari ya mwaka 2004, mtoto mgongoni, ndala miguuni. Mtu mmoja pale uwanja wa ndege alimpa buti za kiume. Mpaka leo, baridi ikifika, anavaa buti za kiume. Anasema za kike zinaingiza maji. Yule mtoto ndiye Doudou. Sasa ni fundi wa mabomba kule Liège, ana ndevu mpaka kifuani, lakini mama yake bado ni Maman Doudou. Kwetu ndivyo. Mwanamke akizaa, jina lake linakwenda kulala, anaitwa kwa mtoto wa kwanza. Mwanamume vilevile. Mimi ni Papa Guylain.

Maman Doudou alisafisha ofisi miaka sita. Kisha akaingia shule, mtu mzima, akapata kazi ya kuwahudumia wagonjwa nyumbani kwao. Funguo za wagonjwa wake amezifunga kwenye ukanda wa kitenge, anauvaa shingoni. Akipanda ngazi unamsikia. Thérèse, mke wangu, alikuwa akizisikia zile funguo tangu ghorofa ya nne. Anasema, "Nipe kitambaa changu cha kichwa. Anakuja."

Thérèse aliugua miezi saba. Maman Doudou alikuja kila asubuhi. Alimwosha, alimgeuza, alimpaka mafuta. Alimsuka nywele pia, na kusuka hakumo katika kazi yake. Kando ya kitanda palikuwa na daftari la kijani. Kila mhudumu akimaliza anaandika saa, anaandika alichofanya, kisha anaandika jina lake chini. Daftari hilo ninalo. Shule niliishia darasa la pili, kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Lakini kurasa nazigeuza. Mwandiko wake ni mkubwa, umelala upande, kama mtu anayetembea na upepo mgongoni.

Thérèse alikufa Alhamisi tarehe ishirini Juni, asubuhi. Tulikuwa pamoja miaka arobaini na minane.

Basi watu wakaja.

Nyumba yangu ina vyumba viwili. Viti ishirini viliingia, vilivyobaki vikakaa kwenye korido, kisha kwenye ngazi. Ngazi kutoka ya sita mpaka ya nne zilijaa watu wanaoimba polepole. Ilikuwa saa mbili ya jioni, na jua la Juni lilikuwa bado limesimama nje. Polisi wawili wakapanda. Vijana, wana adabu. Walivua kofia walipoona picha ya Thérèse na mshumaa. Lakini walisema ngazi haziwezi kuzibwa, moto ukitokea watu watakufa, na jirani mmoja amepiga simu.

"Madame, watu hawa wanapaswa kushuka," mmoja alimwambia Maman Doudou kwa Kifaransa.

"Washuke waende wapi, mwanangu?"

Kijana aliigeuza kofia yake mikononi. Hata yeye aliona haya.

Watu wakashuka. Wakasimama kwenye maegesho ya magari, wakaimba kutoka huko. Mimi niliwasikia kwa dirisha. Maman Doudou alibaki na mimi, akakaa kwenye kiti chake cha ufa. Nilimwona anavuta zile funguo moja moja, kama mtu anayesali.

Kesho yake alikwenda komini. Akachukua tiketi, akasubiri namba yake iitwe. Komini ina ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Siku nyingi za wiki umefungwa. Mtumishi wa dirishani alimwambia ukumbi unakodishwa kwa fomu, na fomu inaletwa miezi mitatu kabla.

"Madame," Maman Doudou alimjibu, "marehemu wetu hakuleta fomu. Alikufa bila kupanga."

Mtumishi alicheka, kisha akaona kwamba Maman Doudou hacheki. Akasema si yeye aliyeweka sheria. Aliyeweka ni baraza.

"Na kwenye baraza wanaingiaje?"

"Kwa kura. Oktoba."

Nimesimuliwa hivyo na yeye mwenyewe, na huwa haongezi.

Wakati huo listi moja ya uchaguzi ilikuwa inatafuta majina ya kujaza chini. Katibu wao alikuwa Nadia, binti wa mwanamke wa Kimoroko ambaye Maman Doudou alimhudumia mpaka siku ya mwisho. Nadia alikuja jengoni Julai. Maman Doudou alinipigia simu nishuke. Nilikuwa sijatoka nje siku tisa. Nadhani ndiyo maana alinipigia.

"Papa Guylain, sikia huyu mutoto. Anasema niwe conseillère, diwani. Mimi! Na buti zangu!"

"Buti si vibaya," nikasema. "Komini ina matope."

Alicheka. Lifti yetu akicheka inatetemeka, na hapa tulikuwa jikoni, vikombe vikatetemeka.

Nadia alitueleza taratibu. Listi ina majina zaidi ya arobaini. Maman Doudou angekuwa namba thelathini na nne, karibu chini kabisa. Lakini hapa Ubelgiji mpiga kura anaweza kugusa jina la mtu. Ukigusa kichwa cha listi tu, unaisaidia listi. Ukigusa jina, unampandisha mwenye jina. Wa thelathini na nne anaweza kupanda akaingia, kama watu wake wanamgusa.

"Batu ninao," alisema Maman Doudou. "Bon. Nitasema kitu kimoja tu. Ukumbi wa kilio, siku mbili, bila fomu ya miezi mitatu. Mambo ya parking na miti, wengine watasema."

Akanigeukia. "Na wewe utatembea na mimi. Apana kukaa pale juu na ukuta."

Hivyo nikawa mtu wa siasa, na miaka sabini na minane.

Picha alipiga kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, kwa yule mpiga picha aliye juu ya duka la vitenge. Kitenge kipya, kilemba kirefu. Karatasi zilichapwa elfu mbili, sura yake mbele, maandishi nyuma. Mimi niliangalia sura. Nikasema ni nzuri.

Jumamosi tatu tulisimama Porte de Namur, pale metro inapotema watu. Hapo ndipo Matonge, mtaa wa maduka yetu, inapoanzia, na Wakongo wote wa nchi hii hupita hapo. Mimi nilishika mfuko wa karatasi, yeye aligawa. Ilikuwa sikukuu. Watu walimkumbatia. Huyu alimzikia mama, yule alimletea viti.

"Maman Doudou! Kumbe ni wewe? Kura yangu unayo!"

"Tuko pamoja, Maman! Hata kesho!"

"Tutakupandisha mpaka kwa mfalme!"

Akirudi nyumbani alikuwa hana sauti. Alisema, "Papa, nimehesabu mia tisa leo. Mia tisa!" Nadia alikuwa ametuambia mia sita zinatosha.

Jumamosi ya tatu alipita Hamisi. Hamisi ni Mrundi wa Bujumbura, ana bucha Anderlecht lakini analala jengo letu, ghorofa ya pili. Alikuwa amekuja kutuma fedha kwa dada yake. Alisimama kando yangu, akatazama ile shangwe, akashika kidevu.

"Mzee, hawa wote wanakaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa hakai mtu, mzee. Hapa watu wananunua majani ya sombe." Akamkamata kijana mmoja aliyetoka kuahidi kura. "Samahani, ndugu yangu. Komini yako ni ipi?"

"Schaerbeek."

Akamshika mwingine. Vilvoorde. Mama mmoja mwenye vifurushi akasema, "Mimi? Natoka Charleroi. Nimekuja kutafuta samaki wakavu, nina train saa kumi."

Maman Doudou alisikia. Akaacha mkono hewani, na karatasi ndani yake.

"Hamisi," akasema, "nani alikuita hapa?"

"Wallahi, nisingependa kuwa mimi wa kukuambia."

Tulikuwa tumegawa kura za nchi nzima isipokuwa zetu. Tulikwenda walipo watu wetu. Hatukufikiri kwamba watu wetu kila mmoja anapiga kura anapolala. Katika mfuko zilibaki karatasi kama hamsini, na siku zilibaki kumi. Nadia alisema listi haichapi nyingine.

"Basi mdomo," alisema Maman Doudou. "Mdomo hauishi wino."

Siku kumi tulipanda ngazi. Jengo letu, majengo mawili ya jirani, kanisa letu, nyuma ya maghala. Yeye baada ya kazi, mimi kutwa. Hamisi alisema na watu wa msikiti. Nilikuwa na maneno matatu, niliyasema kila mlango: listi kumi na moja, Maman Doudou, ukumbi wa kilio. Sijawahi kuzungumza na watu wengi hivyo. Wengine waliniingiza ndani, wakanipa chai, wakanizungumzia Thérèse. Kila mmoja alijibu, "Maman Doudou? Kama hatumjui yeye tunamjua nani?" Hakuna aliyeuliza zaidi. Mimi pia sikuwaza zaidi.

Barua ya kuitwa kupiga kura ilifika Septemba. Kwa uchaguzi wa mwezi wa sita zilikuja mbili. Safari hii ilikuja moja. Thérèse ndiye aliyekuwa akizibandika kwenye friji. Nikaibandika mwenyewe. Miaka yote kabla hajaugua, kwenye kituo alikuwa kibanda cha kando yangu, na alikuwa ameniambia asubuhi: gusa hapa, kisha hapa, kisha ndiyo. Kupiga kura hapa ni lazima. Nilijua tu kwamba ni lazima na kwamba yeye yuko kando.

Jumapili tarehe kumi na tatu Oktoba ilinyesha. Kituo kilikuwa shuleni, kwenye ukumbi wa michezo. Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu walikuwa watu wa kwaya, na Papa Kazadi mwalimu wao, maana walitaka kumaliza kabla ya ibada. Suti, kofia, manukato. Papa Kazadi alinikonyeza jicho.

Wakanipa kadi. Nikaingia kwenye kibanda, nikaichomeka kwenye mashine. Kioo kikawaka. Nikagusa kumi na moja. Yakaja majina.

Majina tu. Sura hakuna.

Nilitafuta Doudou. Nilianza juu, nikashuka kwa kidole bila kugusa. Nikapanda tena. Doudou hakuna. Maman hakuna. Namba yake nilikuwa nimeisikia Julai, na Julai kichwa changu kilikuwa kwingine. Nyuma ya pazia mtu alikohoa.

Miaka ishirini, nikawaza. Amemfumba mke wangu macho. Na mimi sijui anaitwa nani.

Ndipo nikaliona. Lilikuwa upande wa kulia, chini. Neno moja refu. Nililijua kabla sijalisoma, kama unavyomjua mtu kwa mwendo. Lilikuwa chini ya kila ukurasa wa daftari la kijani, miezi saba. Saa mbili na robo, ameogeshwa, amekula uji kidogo, kisha neno lile. Nikalisoma kwa kutambaa, sauti ndogo. É-mé-ran-ce. Émérance Mujinga. Thelathini na nne.

Nikagusa.

Karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaipitisha kwenye sanduku. Kama mimi sikujua, nani anajua?

Nje kwaya walikuwa wamesimama chini ya mwavuli mmoja.

"Papa Guylain, walimutoa!" alisema Maman Anaïs, mwimbaji wa sauti ya kwanza. "Nimetafuta Doudou mpaka macho imeniuma. Hayuko! Nimepiga kura tupu kwa hasira."

"Mimi niligusa kichwa cha listi," alisema Papa Kazadi. "Nilifikiri amejificha ndani."

"Mimi nimegusa Nadia," alisema mwingine. "Yeye angalau yuko."

"Yuko," nikasema. "Anaitwa Émérance."

Wakanitazama.

"Nani?"

"Maman Doudou. Anaitwa Émérance Mujinga."

"Tangu lini?" aliuliza Maman Anaïs, na alikuwa amekasirika kweli.

Kurudi ndani hakuruhusiwi. Kura ni moja. Nikasimama mlangoni, kila mtu wetu anayefika namwambia: Émérance, thelathini na nne, kulia, chini. Watatu nikawapata hivyo. Kisha akatoka mkuu wa kituo, bibi mwenye miwani.

"Monsieur, hapa kampeni ni marufuku."

"Si kampeni, madame. Ni jina."

"Jina ndiyo kampeni yenyewe." Akanitazama, mvua inanitoka kwenye kofia. "Kile kituo cha basi pale mwisho wa barabara, kutoka hapa sikioni."

Nikaenda kituo cha basi. Nikakaa pale mpaka saa kumi alasiri, walipofunga. Saa tano Hamisi alileta mwavuli na mkate wa nyama. Akabaki. Watu wakipita, yeye anasema jina, mimi nasema namba. Wengine walicheka, wengine waliandika mkononi. Mama mmoja mzee alirudia njia nzima, "Émérance, Émérance," kama anakwenda dukani na anaogopa kusahau alichotumwa.

Maman Doudou alipita saa saba kutoka kazini, kwa kuwa wagonjwa hawana Jumapili. Alituona.

"Munafanya nini hapa, kama batu bamekosa basi?"

"Maman," nikasema, "wewe unaitwa Émérance?"

"Tangu kuzaliwa, Papa."

"Haukusema."

"Haukuuliza." Kisha akaelewa. Nilimwona anaelewa, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye buti. Akakaa katikati yetu. "Oh, batu yangu," akasema. "Batu yangu."

Matokeo yalitoka. Listi ilipata viti saba. Yeye alipanda kutoka wa thelathini na nne mpaka wa nane. Wa saba alimpita kwa kura kumi na moja.

Kwaya peke yake ni watu kumi na wanne.

Jumatano jioni, bila kupatana, wote walifika kwake ghorofa ya tatu. Kwaya, watu wa jengo, wanawake wa msikiti na sambusa. Wakaingia kimya, wakakaa kwenye viti vyeupe, wakatazama chini. Papa Kazadi akaanza wimbo wa msiba kwa mdomo uliofungwa.

Maman Doudou alitoka jikoni na kijiko chake cha sukari.

"Nani amekufa?"

Papa Kazadi akaacha kuimba.

"Ninauliza, nani amekufa? Maana naona kilio, na maiti sioni. Ni mimi?"

Maman Anaïs akaangua kicheko, mikono usoni. Kisha wote. Kisha wengine wakalia kidogo, na mimi mmoja wao.

Hamisi akainua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa amekwenda kuuliza. Hata asiyekuwa diwani anaweza kuzungumza mbele ya baraza, swali likiwekwa sahihi na wakazi ishirini. Wakazi tu, hata wasio na karatasi za Kibelgiji. "Sisi Waislamu tunazika haraka," alisema. "Miezi mitatu! Kwetu hata siku tatu ni nyingi."

"Ishirini?" Maman Doudou akatuhesabu kwa kijiko. "Tuko thelathini na mbili."

Akaleta karatasi, akaiweka mezani. "Lakini sikieni. Majina ya kweli. Ya kitambulisho. Apana Papa huyu, Maman yule. Tumeona ilitufikisha wapi."

Hapo ndipo ilipokuwa sikukuu. Kila anayeandika, wengine wanasoma kwa sauti. Maman Anaïs alikuwa Philomène. Papa Kazadi, ambaye Kazadi tulidhani ni yote, alikuwa Ghislain. "Ghislain! Na ndevu hizo!" Mke wa Hamisi, ambaye tulimwita Mama Tasnim, alikuwa Zubeda, akafunika uso kwa mtandio.

Zamu yangu ikafika. Nikaandika polepole. Maman Doudou alisimama nyuma yangu, akasoma.

"Donatien," akasema.

Chumba hakikucheka. Sijui kwa nini. Labda kwa sauti aliyoisema.

Lile jina alikuwa akiniita mtu mmoja tu. Tangu Juni sikuwa nimelisikia.

"Ni jina zuri, Papa," alisema Maman Doudou. Akaniletea chai. Sukari aliweka vijiko vitatu, na hakunitazama.

Baraza jipya lilikaa mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Tulijaa kwenye viti vya watazamaji. Alikuwa amepewa dakika kumi. Alitumia nne. Alivaa zile buti. Alisema habari ya ngazi, ya polisi wenye adabu, ya watu walioimba kwenye maegesho. Hakumtaja Thérèse, alisema tu "maman mmoja wa ghorofa ya sita". Mwishoni akasema, "Kila mtu katika chumba hiki atakufa bila kujaza fomu. Naomba mtukubalie hilo." Kisha akasoma majina yote thelathini na mawili, polepole, kama mtu anayewalipa. Langu pia.

Madiwani waliulizana. Mmoja alisema habari ya bima, mwingine ya usafi. Wakakubali kujaribu mwaka mmoja: ukumbi wa nyuma ya maktaba, kwa msiba, ukiombwa siku mbili kabla. Mtu wa kuusimamia atoke kwa wakazi. Meya akauliza ni nani. Sisi sote tukamtazama yeye.

Ufunguo ule sasa uko kwenye ukanda wa kitenge, pamoja na wa wagonjwa wake.

Wa kwanza kuutumia alikuwa Hamisi. Mama mkwe wake alikufa Februari, mwenye miaka tisini na mmoja. Nilibeba viti sita, viwili viwili, kutoka kwenye gari. Ukumbi una madirisha makubwa na joto linatosha. Wanawake walikuwa upande huu, wanaume upande ule, na mtu alisoma Kurani, kisha kwaya yetu ikaomba ruhusa na kuimba wimbo mmoja, wa taratibu. Hakuna aliyesimama kwenye ngazi. Hakuna aliyekuja kubisha.

Nilikaa karibu na mlango. Nilitazama viti vyeupe, nikaona pale ambapo picha ya Thérèse ingewekwa, karibu na dirisha. Angesema mapazia yanahitaji kufuliwa.

Maman Doudou akaja akakaa kando yangu, kwenye kiti cha ufa.

"Uchaguzi mwingine ni 2030," akasema. "Nitasimama tena."

"Nitakuwa na themanini na nne."

"Donc usikufe mbele ya hapo. Nahitaji muntu wa kituo cha basi."

"Na jina?"

"Jina wanalo sasa." Akavuta funguo zake. "Lakini wewe endelea na Maman Doudou. Émérance ukiniita wewe, naona kama nimekosa kitu."

Nikasema sawa. Akasimama kwenda kugawa sukari.